Rebrov alikwama Tottenham, Shevchenko akabeba Ballon d'Or. Iweje kwenye ukocha mambo yamegeuka?

#1 Mzee wa Kaunta
Wakuu salaam. Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitua hapa tusaidiane kufikiri.

Tuliofuatilia mpira wa Ulaya mwishoni mwa miaka ya tisini tunawakumbuka wale wawili wa Dynamo Kyiv, Andriy Shevchenko na Serhiy Rebrov. Tarehe 5 Novemba 1997 walienda Camp Nou wakaipiga Barcelona 4-0. Sheva alifunga matatu kabla ya mapumziko, Rebrov akapigilia la nne, na wiki mbili nyuma walikuwa wameshawapiga 3-0 kule kwao Kyiv. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Redio ya marehemu baba ilikula betri nne, tulikuwa tunazianika juani mchana ili usiku zipate nguvu kidogo. Asubuhi nikasikia matokeo yale nikajua mtangazaji kayageuza.

Baada ya hapo kila mtu akashika njia yake. Sheva akaenda Milan, 2004 akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Rebrov 2000 akanunuliwa na Tottenham kwa pauni milioni 11, rekodi ya klabu wakati ule, akaishia mabao 10 ya ligi, akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo, akapita West Ham, akarudi nyumbani.

Sasa geukeni upande wa ukocha. Rebrov kachukua ligi ya Ukraine mara 2, Hungary mara 3 mfululizo, Emirates mara 1. Sheva kwenye klabu kafundisha Genoa tu, miezi miwili na ushee, na hakushinda hata mechi moja.

Mimi nasema kule kukwama Uingereza ndiko kulikomtengeneza Rebrov kocha. Mtu aliyekaa benchi ugenini, lugha haipandi, kocha mpya hamtaki, huyo anajua mchezaji mgeni anaumwa wapi. Nipingeni.

#2 Nyundo ya Mbagala
Nimevuta kiti. Ila mkuu hizo betri za kuanika juani umenirudisha mbali sana aisee.

#3 Takwimu Kwanza
Mleta uzi umeandika vizuri ila tuweke kumbukumbu sawa. Sheva akiwa Genoa alishinda mechi moja, ya Coppa Italia, kombe la mtoano la kwao, dhidi ya Salernitana, Desemba 2021. Kwenye Serie A ndiko hakushinda kabisa, mechi 9, sare 3, vipigo 6.

Na mechi yake ya mwisho mnajua ilikuwa wapi? San Siro. Coppa hiyo hiyo, dhidi ya Milan yake, wakafungwa 3-1 kwenye dakika za nyongeza, siku mbili baadaye akatimuliwa. Uwanja ule alishaimbwa jina lake miaka na miaka, halafu ndio ukawa wa kumuagia kazi.

#4 Mzee wa Kaunta
Takwimu Kwanza asante, nimekosea na nimekubali. Hilo la San Siro nilikuwa nimelisahau na limenigusa.

#5 Jembe la Ubungo
Mbona mnazunguka, jibu ni jina moja tu, Valeriy Lobanovskyi, kocha wao pale Dynamo. Yule mzee alisoma uhandisi pale Kyiv Polytechnic kabla hajawa kocha, akafanya kazi na mwanasayansi anaitwa Anatoliy Zelentsov, walikuwa wanapima wachezaji kwa hesabu na kompyuta enzi za Usovieti wakati makocha wengi duniani wanaangalia kwa macho tu. Mchezaji wa Lobanovskyi alikuwa anafundishwa kwa nini anakimbia kwenda pale, haambiwi tu kimbia. Rebrov kakulia humo.

Halafu watu hawajui, Lobanovskyi mwenyewe alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Emirates kuanzia 1990, baadaye Kuwait. Njia ya kwenda Ghuba aliifyeka yeye, mwanafunzi wake kaja kupita tu.

#6 Nyundo ya Mbagala
#5 sasa mbona Sheva naye katoka kisima hicho hicho? Kocha mmoja, mazoezi yale yale, chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Kama ni Lobanovskyi basi wote wawili wangekuwa makocha wa maana.

#7 Jembe la Ubungo
Nyundo swali zuri. Jibu langu ni kwamba Sheva alikuwa ncha ya mkuki, kila kitu kilitengenezwa kimfikie yeye. Rebrov alikuwa anacheza nyuma yake kidogo, anatafuta nafasi, anapima mwenzake atakuwa wapi. Na uzee ulivyomjia alishuka zaidi, aliporudi Dynamo 2005 alicheza kama kiungo, na Rubin Kazan vilevile, wakachukua ubingwa wa Urusi 2008. Mtu aliyeuona uwanja kutoka sehemu tatu tofauti ana faida.

Pili, Rebrov hakurukia kazi. Alistaafu 2009, akaingia benchi la ufundi la Dynamo akiwa msaidizi, makocha wakuu wakaja wakaondoka yeye yupo, mpaka Oleh Blohin alipotolewa Aprili 2014 ndipo akapewa timu.

#8 Takwimu Kwanza
Blokhin, kwa k.

#9 Kijana wa Umoja
Mambo wadau, mimi ni wa Nairobi. Mnaongea juu ya Rebrov bila kutaja Tokmac Nguen kweli?

Agosti 2020 Ferencváros ya Hungary, timu ya Rebrov wakati huo, ilienda Celtic Park kule Scotland kwenye kufuzu Klabu Bingwa, ile ya mkondo mmoja kwa sababu ya korona, uwanja hauna watu. Bao la ushindi dakika ya 75, 2-1, Celtic nje. Aliyefunga ni Nguen, na huyo kijana alizaliwa hapa kwetu Kenya, kambi ya wakimbizi, wazazi ni watu wa Sudan Kusini, halafu familia ikapelekwa Norway akiwa mdogo. Baadaye kwenye makundi akafunga tena dhidi ya Dynamo Kyiv, yaani timu ya nyumbani ya Rebrov mwenyewe. Ile ikaisha 2-2 Budapest, wakitoka nyuma mawili.

Mimi nilikuwa shabiki wa Celtic tangu Wanyama awafunge Barcelona kwa kichwa 2012, kwa hivyo hiyo usiku ilinichoma, lakini nilipojua stori ya huyo kijana sikuweza kukasirika. Nilimpigia simu rafiki yangu mmoja aliyekulia Kakuma nikamwambia, akanyamaza kidogo, akaniuliza jina lake tena, nikamtajia herufi kwa herufi akaandika.

#10 Mzee wa Kaunta
Kijana wa Umoja, hii ndiyo sababu nafungua uzi. Sikuwa najua kabisa.

#11 Sina Ushabiki
Naomba nipunguze moto kidogo maana naona tunamjengea mtu sanamu. Angalieni timu alizofundisha. Dynamo Kyiv, Al-Ahli ya Jeddah, Ferencváros, Al Ain ya Emirates. Hizo zote ni klabu kubwa ndani ya ligi zao. Ferencváros wakati ule rais wake alikuwa mwanasiasa mzito wa Fidesz, chama kilichokuwa kinatawala Hungary, hela haikuwa tatizo. Rebrov alivyoondoka 2021 wamechukua ubingwa 2022, 2023, 2024 na 2025. Kocha katoka, vikombe vimebaki.

Na ule ubingwa wake wa Ukraine wa 2015 mnaujua ulipatikana mwaka gani wa vita? Shakhtar walikuwa mabingwa mara tano mfululizo mpaka 2014. Wakafukuzwa kwao Donetsk na vita, wakaenda kucheza Lviv, zaidi ya kilomita elfu moja, uwanja sio wao, mashabiki hawapo. Ndipo Dynamo wakachukua. Sheva kapewa Genoa inayozama, watu wanalinganisha. Haiko sawa.

#12 Takwimu Kwanza
Sina Ushabiki nakubaliana na nusu. Hiyo orodha ya vikombe baada yake ni kweli. Ila kabla yake, ligi ya Hungary 2018 aliibeba Videoton, yeye kaja Agosti 2018 akaitoa kwao. Na ile safari ya Klabu Bingwa 2020, waliitoa Djurgården, wakaitoa Celtic, wakaitoa Dinamo Zagreb, wakaitoa Molde kwa bao la ugenini, wakaingia makundi mara ya kwanza tangu msimu wa 1995/96. Toka aondoke mpaka 2025 hawajaingia tena. 2023 walitolewa na Klaksvík, timu ya visiwa vya Faroe, 3-0 palepale Budapest. Hela ile ile, rais yule yule.

Kuhusu Dynamo 2014/15, walimaliza ligi bila kufungwa, ushindi 20 na sare 6. Shakhtar kuwa mbali na kwao kunaeleza kwa nini Shakhtar wameshuka, hakuelezi kwa nini Dynamo hawakupoteza hata kwa wale wengine. Msimu huo huo waliichapa Everton 5-2 Kyiv. Msimu uliofuata wakavuka makundi ya Klabu Bingwa pamoja na Chelsea, Porto akabaki, na hiyo Dynamo walikuwa hawajaifanya tangu enzi za Rebrov mwenyewe akiwa mchezaji.

#13 Mtoto wa Bukavu
Asili yangu Bukavu, sasa niko Kigoma. Nimesoma #11 nikarudia mara mbili. Ndugu yangu usiseme vita ilimsaidia Rebrov. Huyo mtu kazaliwa Horlivka mwaka 1974, Horlivka iko mkoa wa Donetsk, na mpira wa wakubwa kaanzia Shakhtar hiyo hiyo kabla ya kwenda Kyiv 1992. Mwaka 2014 mji wake wa kuzaliwa ulichukuliwa. Kwa hiyo wakati anabeba kombe, kwao ni upande mwingine wa mstari wa mapigano. Sisi tunaotoka mashariki ya Kongo tunaelewa maana yake, unafurahi mchana, usiku unapiga simu haipokelewi.

Nikumbushe pia kwamba Dieumerci Mbokani wetu alikuwa mchezaji wa Dynamo enzi hizo. Nyumbani tulikuwa tunafuatilia matokeo ya Kyiv kwa ajili yake.

#14 Sina Ushabiki
Mtoto wa Bukavu nimekuelewa na nisamehe kama nilisema vibaya. Sikumaanisha alifaidi vita. Nilimaanisha ushindani ulipungua. Hapo bado nasimama.

#15 Ummu Nasra
Assalaam aleikum. Mie nipo Buraimi, Oman, na Al Ain ni ng'ambo tu hapo, ukivuka mpaka umeshafika. Wanangu wawili ni washabiki wa zambarau, rangi ya Al Ain, basi msimu wa 2021/22 walinipeleka uwanja wa Hazza bin Zayed mara tatu, mie mpira siujui lakini nlikwenda kwa sababu yao.

Nlichokiona nawaambia. Kuna watu wa ngoma upande mmoja, wanapiga na kuimba mwanzo mpaka mwisho, hawanyamazi hata timu yao ikifungwa. Yule kocha Rebrov, siku tulokaa karibu na chini, muda mwingi kasimama kimya. Makocha wengine wanaruka, wanatupa chupa, yeye kimya. Mwanangu mdogo akanambia mama huyu hana furaha na kazi yake nini? Kaka yake akamjibu, huyu anahesabu. Mwaka ule wakachukua ligi, ya 14 kwa Al Ain, na kombe la ligi juu yake. Laba wa Togo alifunga mabao 26, mtaani kila mtoto Laba, Laba.

Na Februari ile vita ilipoanza kwao yeye alikuwa hapa hapa Al Ain. Nyumba yetu iliombea watu wa huko.

#16 Nyundo ya Mbagala
Shukran bibie. "Huyu anahesabu." Huyo mwanao mkubwa ana kitu.

#17 Sina Ushabiki
Bi Ummu Nasra asante kwa ushuhuda. Lakini msimu wa pili, 2022/23, Shabab Al Ahli wakachukua, Rebrov wa pili, akaondoka. Akaja Mholanzi, akaja Hernán Crespo, na Mei 2024 Crespo kawapa Al Ain ubingwa wa Asia, Yokohama kalala 5-1 kwenye marudiano. Na Jeddah vilevile, 2017/18 Rebrov akamaliza nyuma ya Al-Hilal kwa pointi moja. Kocha mzuri, wa ligi. Pale juu kabisa anaishia mlangoni.

#18 Ummu Nasra
Kweli Crespo kachukua. Lakini muulize mtoto wangu nani alomkuta pale. Soufiane Rahimi, alofunga mabao 13 kwenye ile Asia, kaja Al Ain 2021 akitokea Raja, kacheza misimu miwili mikononi mwa Rebrov. Laba hali kadhalika. Mwenye kulima na mwenye kuvuna wote wana haki yao.

#19 Fundi wa Mawimbi
Nilikuwa napita tu, jina la Rebrov limenisimamisha, maana kwetu sisi ni maarufu kwa kitu kingine kabisa ambacho naona hapa hamkijui.

Rebrov ni mtu wa redio ya ridhaa. Ile ya mtu binafsi mwenye leseni, anaweka antena nyumbani, anaongea na dunia nzima kwa mawimbi bila intaneti wala laini ya simu. Kila mmoja ana jina lake la hewani. Lake la Ukraine ni UT5UDX, na alipokuwa Uingereza alichukua la huko, M0SDX. Na sio kwa kujifurahisha tu, jamaa anashindana kimataifa. Kuna mashindano ya saa 48 mfululizo, unahesabiwa umefikia vituo vingapi na nchi ngapi.

Sasa ngoja niwaambie ile kazi ilivyo. Unavaa spika za masikioni, sauti mia zinakuja kwa pamoja, nyingine kali, nyingine kama mtu anaongea ndani ya mtungi, na juu yake kelele ya radi za mbali. Wewe kazi yako ni kutoa moja humo, uisikie sawasawa, uiandike, uende nyingine. Lazima ujue saa hii wimbi gani limefunguka kuelekea wapi, asubuhi Japani, jioni Marekani, usiku lingine linazima. Ukipaniki umekwisha. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa saa kumi na moja sikula, mke wangu akaniwekea chai mezani ikaota ukoko.

Mtu anayeweza kukaa hivyo siku mbili, ukimuweka kando ya uwanja dakika 90 atakosa utulivu? Huyo mtoto wa bi Ummu Nasra kaona sahihi.

#20 Jembe la Ubungo
Aisee. Miaka yote nafuatilia huyu mtu sikujua.

#21 Nyundo ya Mbagala
Kwa hiyo tumefika kwamba ili uwe kocha ununue antena hahaha. Fundi nakutania mkuu, hiyo komenti yako imenifurahisha kuliko zote.

#22 Nahodha wa Tanga
Vijana hamjambo. Mimi ni mtu mzima, miaka ya tisini nilikuwa baharia, meli ikikaa matengenezo tunakaa Piraeus wiki nyingi. Pale ndipo nyumbani kwa Olympiacos. 1991, 1992 kocha wao alikuwa Blokhin, huyo mliyekosea jina lake huko juu. Ballon d'Or ya 1975, na kombe la Ugiriki alilichukua 1992. Mgahawa tuliokuwa tunakula samaki picha yake ilikuwa ukutani karibu na ya bikira Maria, mwenye mgahawa hataki mtu aegemee pale.

Blokhin alikaa Ugiriki zaidi ya miaka kumi, Olympiacos, PAOK, Ionikos, AEK. Halafu akaja Oleh Protasov, naye mchezaji wao wa zamani, akawapa Olympiacos ligi 2003. Kwa hiyo nawaambia hii habari ya Mukraine kufundisha nje haikuanza na Rebrov. Na Blokhin alikuwa nyota mkubwa kuliko Sheva na aliweza. Hoja ya kwamba nyota hawezi kuwa kocha naona haina miguu.

#23 Mzee wa Kaunta
Shikamoo mzee Nahodha. Blokhin klabu aliyopewa Ugiriki ndiko alikoanzia ukocha, akiwa na muda. Sheva Genoa alikuta mechi zinakuja kila siku tatu, nne. Labda ni hilo.

#24 Nahodha wa Tanga
Marahaba. Inawezekana. Baharini nahodha mpya hupewi meli siku ya dhoruba.

#25 Dada wa Serie A
Wanaume wa huku mnamuonea Sheva, ngoja nimsimamie. Genoa ilikuwa imenunuliwa na Wamarekani miezi michache tu nyuma, kocha Ballardini katoka, majeruhi tele, na baada ya Sheva kuondoka wameshuka daraja vilevile mwisho wa msimu. Kama ni kocha tu mbona hawakupona?

Halafu timu ya taifa mnaifumbia macho. Sheva aliichukua 2016 Ukraine imetoka Euro bila bao hata moja. Kaiongoza mpaka ikamaliza juu ya Ureno kwenye kundi la kufuzu, Oktoba 2019 wakaipiga Ureno ya Ronaldo 2-1 Kyiv, na Euro iliyochezwa 2021 wakafika robo fainali, ikawa mara yao ya kwanza. Rebrov Euro 2024 katolewa makundi. Hapo nani zaidi?

#26 Takwimu Kwanza
Dada yuko sahihi kwa kila tarehe. Niongeze tu kwamba Rebrov 2024 alitoka na pointi 4, kundi zima Romania, Ubelgiji, Slovakia na Ukraine kila mmoja ana 4, kilichowaua ni zile 3-0 za Romania mechi ya kwanza Munich. Haijawahi kutokea kwenye Euro kundi zima kulingana hivyo na timu ya nne kufungasha virago.

#27 Mtoto wa Bukavu
Na msisahau Sheva alicheza mechi za nyumbani nyumbani. Rebrov kaichukua timu 2023, "nyumbani" kwake ikawa Wrocław ya Poland, mara Leverkusen ya Ujerumani, mara Poznan, popote walipokubaliwa. England wamewashika 1-1 Wrocław, Italia 0-0 Leverkusen. Kocha wa taifa alifundisha ugenini hata akiwa kwao.

#28 Dada wa Serie A
Hilo nakupa, bila kinyongo.

#29 Kiatu Kimoja
Nimesoma uzi wote kazini, ngoja niseme yangu kwa upande wa mleta uzi. Mimi nilicheza ligi ya mkoa, wakala mmoja akanipeleka Ghuba kwenye timu ndogo, jina naliacha. Miezi minane nimecheza dakika kama arobaini. Kocha anaongea Kiarabu, mkalimani ni kipa wa akiba, na yeye anatafsiri anachotaka. Ninachokumbuka zaidi ni chumba. Jezi yangu kila mechi ilikuwa inaning'inizwa msumari wa mwisho karibu na choo, na mimi nilikuwa naihesabu misumari, kumi na tisa. Mshahara wa miezi mitatu sikuuona mpaka leo.

Sasa nafundisha watoto hapa mtaani jioni, wapo thelathini na kitu, mpira tunao miwili. Dogo mgeni akija timu namuanza mechi ya kwanza hata kama hawezi, dakika kumi tu, na jezi yake naiweka katikati. Hiyo sikuifundishwa kozi yoyote. Rebrov pale Tottenham, kocha Glenn Hoddle kaja 2001, kamrudisha mshambuliaji Sheringham, mwaka uliofuata kaja mshambuliaji mwingine Robbie Keane, mtu wa pauni milioni 11 anaangalia tu. Halafu kwenye Ferencváros yake unaona Mnorway, Mwivori Coast, Mualbania, Mbrazili, Waukraine wenzake, kila mmoja anafunga. Mimi hiyo naiamini.

#30 Mzee wa Kaunta
Kiatu Kimoja umeandika nilichokuwa natafuta maneno yake. Misumari kumi na tisa.

#31 Sina Ushabiki
Kiatu pole sana na hongera kwa hao watoto. Lakini kimantiki, waliokaa benchi ugenini ni maelfu, makocha wazuri waliotokea humo ni wangapi? Kukwama peke yake hakufundishi. Kuna aliyekwama akawa mchungu tu.

#32 Kiatu Kimoja
Ni kweli, na mimi mwaka mzima wa kwanza nilikuwa mchungu, mpira sikutaka kuuona hata kwenye tivii.

#33 Jirani wa Makaburini
Wakuu tukiwa hapo hapo kwa Waukraine, Yuriy Vernydub hamjamtaja. Septemba 2021 yuko Sheriff Tiraspol, Moldova, kaenda Bernabéu kaipiga Real Madrid 2-1, bao la Thill dakika za mwisho kabisa. Halafu tarehe 24 Februari 2022, siku vita inaanza, timu yake inacheza Braga usiku ule. Wametolewa kwa penalti. Yeye akarudi kwao akajiunga na jeshi, mtu wa miaka 56. Rebrov na vikombe vyake sawa, lakini mimi nikitajiwa kocha wa Ukraine nje picha inayonijia ni huyo.

#34 Nahodha wa Tanga
Huyo sikumjua. Asante mwanangu.

#35 Jembe la Ubungo
Vernydub 56 huyo? Kazaliwa Januari 1966, ndiyo, sawa, alikuwa katimiza mwezi mmoja nyuma.

#36 Kijana wa Umoja
Jana usiku nilitafuta ile mechi ya Celtic tena nikaiangalia na yule rafiki yangu wa Kakuma. Bao lilipoingia alinishika mkono akaniambia rudisha. Tumelirudisha mara sita hivi. Kisha akauliza, huyu kocha alikuwa anamwambia nini huyu kijana kabla ya mechi? Sikuwa na jibu nikamwambia nitauliza kwa uzi.

#37 Nyundo ya Mbagala
Fundi wa Mawimbi si yupo, amtafute hewani amuulize. Na swali la mleta uzi aliweke hapo hapo.

#38 Fundi wa Mawimbi
Haha Nyundo, nasema kweli nitajaribu. Wikendi ya mwisho ya Oktoba kuna yale mashindano makubwa ya sauti na nitakuwa hewani. Ila kwenye mashindano hakuna nafasi ya swali. Namtajia jina langu, nampa tano-tisa, yaani namsikia vizuri, na namba ya kanda yetu, 37, yeye ananipa tano-tisa na 16, basi, amehamia kwa mwingine, ni sekunde nne. Na antena yangu ya upande wa kaskazini upepo wa mwezi wa saba uliilaza, lazima niisimamishe kwanza. Nikimpata nitaandika hapa.